Karani Bartleby, wakili wake, na swali la usonji

Hadithi ya Herman Melville, mwandishi wa Marekani, iitwayo Bartleby, the Scrivener ilichapishwa mara ya kwanza bila jina la mwandishi katika jarida la Putnam's Monthly la New York, matoleo ya Novemba na Desemba 1853. Leo inapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, na kwa wanaopenda kusikiliza ipo pia kwenye LibriVox, ambako wasomaji wa kujitolea wameisoma kwa sauti. Ina maneno yapatayo 14,000, kwa hiyo msomaji wa kawaida anaimaliza jioni moja. Sababu ya kuihakiki sasa, baada ya miaka yote hiyo, ni kwamba baadhi ya wahakiki na wasomaji wamekuwa wakiisoma kama hadithi ya mtu mwenye usonji (autism kwa Kiingereza, hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wengine), iliyoandikwa kabla usonji haujapewa jina. Anayeifungua kwa kuvutwa na ahadi hiyo anastahili kuambiwa mapema atakachokikuta ndani na asichoweza kukikuta.

Msimulizi ni wakili asiyetajwa jina, mtu mzima mwenye ofisi ghorofani katika Wall Street, ambaye hasimami mahakamani bali anajipatia riziki kwa kutayarisha hati za matajiri: hati miliki, rehani na dhamana. Anajisifu kwamba tangu ujana wake ameamini kuwa njia nyepesi ya maisha ndiyo bora, na kwamba tajiri John Jacob Astor mwenyewe alimsifu kwa tahadhari na utaratibu. Ana makarani wawili wa kunakili, Turkey na Nippers, pamoja na kijana wa kutumwa wa miaka 12 hivi aitwaye Ginger Nut, na majina hayo yote ni ya utani. Kazi inapozidi anaajiri karani mwingine, Bartleby, mkimya, nadhifu, mwenye uso uliopauka. Anamweka upande wake wa chumba, kando ya dirisha dogo linalotazamana na ukuta ulio umbali wa futi 3, kisha anamkinga kwa kizuizi cha kukunja cha rangi ya kijani, ili asimwone lakini aweze kumwita. Mwanzoni Bartleby ananakili usiku na mchana, kama mtu aliyekuwa na njaa ya maandishi. Siku ya tatu anaitwa asaidie kulinganisha nakala na hati halisi, kazi ambayo ni sehemu ya ukarani, naye anajibu kwa sauti ya upole isiyotetereka: “Ningependelea nisifanye hivyo.”

Kuanzia hapo kukataa kwake kunapanuka hatua kwa hatua. Hataki kulinganisha nakala, hataki kutumwa posta, hataki kusema alikozaliwa, mwishowe hataki hata kunakili, na bado haondoki. Wakili anagundua kwamba Bartleby anaishi mle mle ofisini. Anamfukuza, hafukuziki; basi anahama yeye mwenyewe na kumwacha karani wake amesimama katika chumba kitupu. Hatimaye mwenye jengo anaita polisi, Bartleby anapelekwa katika gereza la Tombs kama mzururaji, na huko anakataa chakula mpaka anakufa.

Si vigumu kuona kwa nini msomaji wa leo anafikiria usonji. Bartleby anasema machache, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na anarudia kauli moja katika mazingira yaliyo tofauti kabisa. Anakula chakula kile kile kila siku, biskuti za tangawizi anazonunuliwa na Ginger Nut kwa senti chache. Hatoki kwenye kona yake. Anaweza kusimama muda mrefu akiutazama ukuta wa matofali nje ya dirisha bila kusema neno. Wakili anapomketisha na kumuuliza habari za maisha yake, Bartleby hamtazami usoni. Macho yake yametulia kwenye sanamu ya kichwa cha Cicero, mwanasiasa na msemaji wa Roma ya kale, iliyo nyuma ya wakili, inchi 6 hivi juu ya kichwa chake. Melville hakuhitaji kipimo hicho ili hadithi isonge mbele, lakini alikiweka, na mtu yeyote aliyewahi kuzungumza na kijana anayeona uchungu kutazamana jicho kwa jicho ataitambua hali hiyo papo hapo. Ni undani wa aina hii, unaotokana na kuangalia kwa makini na si na nadharia, unaoipa tafsiri ya usonji nguvu yake.

Tafsiri hiyo yenyewe ina historia. Neno lililozaa istilahi ya usonji lilibuniwa na Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi, mwanzoni mwa karne ya 20, naye alilitumia kueleza jinsi wagonjwa wa skizofrenia wanavyojitenga na ulimwengu. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa akili ya watoto aliyefanya kazi Baltimore nchini Marekani, alieleza habari za watoto 11 aliowaona kuwa na hali ya pekee, na akasisitiza mambo mawili: upweke wao, na hamu yao kubwa ya kutaka kila kitu kibaki kilivyo. Mwaka uliofuata Hans Asperger, daktari wa watoto, alichapisha maelezo yake huko Vienna. Mwaka 1976 William P. Sullivan aliandika makala iliyomsoma Bartleby moja kwa moja kwa vigezo vya usonji wa utotoni, akidai kwamba tabia zake zina maelezo ya kawaida ya kimaumbile. Baadaye Stuart Murray, katika kitabu chake Representing Autism cha mwaka 2008, alimrudia Bartleby kwa tahadhari kubwa zaidi. Amit Pinchevski naye, mwaka 2011 katika jarida la Cultural Critique, alilihamisha swali kutoka kwa karani akalielekeza kwenye mawasiliano yenyewe: tunamaanisha nini tunaposema kwamba mtu fulani hafikiki?

Ikiwa lengo la msomaji ni kumpima Bartleby kama mgonjwa aliyeletwa kliniki, hadithi hii haitamtosheleza, na sababu zimo ndani ya maandishi. Mwongozo wa Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, unataka dalili ziwe zimeanza katika hatua za mwanzo za ukuaji wa mtoto. Bartleby hana utoto. Hana mama, hana ndugu, hana shule wala mji aliotoka. Wakili anasema waziwazi kwamba habari za kuandika maisha yake kamili hazipo. Halafu kuna mwelekeo wa hali yake. Anaanza akiwa mfanyakazi hodari kuliko wote ofisini, kisha kwa muda mfupi anapungua kazi, anapungua maneno, anapungua chakula. Usonji ni namna ya kuwa ambayo mtu anaishi nayo tangu mwanzo wa maisha yake, na si mteremko wa miezi michache kuelekea kifo. Anayesoma kurasa za mwisho bila nadharia mkononi ataona zaidi mtu aliyezama katika sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa, na hakuna ubaya kukiri kwamba mtu anaweza kuwa na yote mawili, lakini maandishi yanaonyesha hili la pili kwa uwazi zaidi kuliko lile la kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa tafsiri hiyo hulipita haraka mno. Ile kauli ya Bartleby inaambukiza. Katikati ya hadithi wakili anajikuta akilitumia neno “kupendelea” mahali ambapo hakulikusudia, na Nippers naye analitumia. Kisha Turkey anaingia na kutoa ushauri kwamba Bartleby angependelea tu kunywa robo galoni ya bia nzuri kila siku, mambo yake yangenyooka. Wakili anashtuka kwamba hata Turkey amelipata neno hilo. Turkey anajibu kwamba ni neno la ajabu, yeye halitumii kamwe, na papo hapo analitumia tena. Ni ukurasa wa kuchekesha kuliko yote, lakini ukichukuliwa kwa uzito unaleta taabu: kama kauli hiyo ni dalili ya hitilafu ndani ya kichwa cha mtu mmoja, inakuwaje imeenea ofisi nzima kwa siku kadhaa tu? Kwa maoni yangu Melville anatuonyesha kauli yenye nguvu mahali pa kazi. Watu hawa hawajawahi kumsikia mtu akikataa bila kufoka, bila kuomba radhi na bila kutoa sababu, na ndimi zao zinaijaribu bila wao kujua.

Lakini sehemu ninayoiona kuwa bora kuliko zote, na ambayo ndiyo sababu ya kumshauri kila anayefuatilia habari za usonji aisome hadithi hii, inahusu wakili zaidi ya karani. Asubuhi ya Jumapili, akiwa njiani kwenda kanisa la Trinity kumsikiliza mhubiri mashuhuri, wakili anapita ofisini kwake na kukuta ufunguo hauingii, kwa sababu kuna kitu kimezuia upande wa ndani. Bartleby anachungulia mlangoni akiwa hajavaa koti, nguo zake zimechakaa, na kwa adabu anamweleza kwamba kwa sasa ana shughuli nyingi, na kwamba huenda ingekuwa vyema azunguke mtaa mara mbili au tatu kwanza. Mwenye ofisi anatii, anakwenda kuzunguka. Anaporudi Bartleby ameondoka, na vitu alivyoacha vinatoa ushahidi wote: blanketi lililoviringishwa chini ya dawati, kikopo cha rangi ya viatu na brashi mahali pa kukokea moto pasipo na moto, beseni la bati juu ya kiti pamoja na sabuni na taulo lililochanika, na ndani ya gazeti makombo ya biskuti za tangawizi na kipande kidogo cha jibini. Ndani ya dawati mna leso iliyofungwa fundo, nzito, na ndani ya leso hiyo akiba yake yote.

Kinachofuata ni moja ya kurasa za kweli zaidi nilizowahi kusoma kuhusu jinsi huruma inavyochoka. Mwanzoni wakili anaguswa mpaka anasema kwamba yeye na Bartleby wote ni wana wa Adamu. Kadiri anavyozidi kuuwaza upweke wa karani huyu, majonzi yanageuka hofu na huruma inageuka chukizo. Kisha anafikia hitimisho: Bartleby ana hitilafu ya kuzaliwa nayo isiyoweza kutibika. Anasema angeweza kuusaidia mwili wake, ila kinachoumia ni roho, na hiyo haifikii. Hakwenda kanisani tena siku hiyo. Akiwa anarudi nyumbani alikuwa ameshaamua kwamba kesho yake atamuuliza maswali machache kuhusu maisha yake, na akipendelea kutojibu, atamlipa anachomdai, atamwongezea noti ya dola 20, na kumwambia kwamba huduma yake haihitajiki tena.

Yaani ugonjwa ulishatajwa mwaka 1853, miaka 90 kabla ya makala ya Kanner, na aliyeutaja ni mwajiri. Mara baada ya kuutaja, hesabu ya kumwondoa mfanyakazi ikawa nyepesi. Sidai kwamba kila anayemwita Bartleby mwenye usonji anafanya kama wakili yule. Wengi wao, hasa wasomaji ambao wenyewe wako kwenye wigo wa usonji, wanamwita hivyo kwa sababu wamejiona ndani yake na wanataka atendewe haki. Hata hivyo tafsiri yoyote ya aina hiyo inayofika mahali ikasema “basi, kumbe alikuwa na usonji” na kufunga kitabu, imeketi kwenye kiti kile kile cha wakili. Mtihani wa kuipima tafsiri ni kuangalia baada ya jina kutajwa kunafuata nini.

Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana kati ya mtu mwenye usonji na mtu asiye nao ni tatizo la pande mbili: kila mmoja anashindwa kuusoma moyo wa mwenzake, ila mmoja tu ndiye anayehesabiwa kuwa na kasoro. Nikiisoma hadithi hii kwa hoja hiyo, mengi yanafunguka. Bartleby anapotangaza kwamba hataandika tena, wakili anamuuliza sababu, naye anajibu: “Je, huioni sababu wewe mwenyewe?” Hilo ni jibu la mtu anayedhani kwamba jambo liko wazi mbele ya macho ya wote wawili. Wakili anamtazama, anaona macho yake yamefifia, anaamua mwenyewe kwamba uoni wake umeharibika kwa kunakili kwenye mwanga hafifu, anampa pole na kumshauri akapunge upepo nje. Hamuulizi kama ndivyo ilivyo. Siku kadhaa baadaye anamuuliza kama macho yakipona atarudi kunakili, na Bartleby anajibu kwamba ameacha kunakili kabisa. Katika mazungumzo hayo aliyeshindwa kusoma ishara za mwenzake ni yupi? Hadithi nzima inasimuliwa na mtu anayejiona hodari wa kuwaelewa binadamu, ilhali kila anapokisia kilichomo moyoni mwa karani wake anakosea.

Tena si kwamba wakili huyu hajui kuishi na watu wenye tabia zao. Turkey anafanya kazi vizuri hadi saa sita mchana. Baada ya chakula uso unawaka, anamwaga wino, anatia mabaka kwenye hati, anavunja kalamu kwa hasira. Nippers ni kinyume chake: asubuhi anasumbuliwa na tumbo, anasaga meno, hajawahi kuridhika na urefu wa meza yake, anaiwekea vijiti, vipande vya ubao, karatasi ya kadi na hata karatasi ya kukausha wino iliyokunjwa, na bado mgongo unauma, mchana anatulia. Wakili amepiga hesabu akaona kwamba mmoja akiharibika mwingine anakuwa mzima, kwa hiyo kwa siku nzima ofisi ina karani mmoja kamili, na mpango huo unamfaa. Alijaribu hata kumpa Turkey koti lake kuukuu ili apendeze. Hii ndiyo sehemu inayostahili kusomwa na mameneja wa ofisi za leo zenye sera nzuri za kuwajumuisha watu wenye mahitaji maalumu. Wakili wa Melville anazo sera hizo, na anazitekeleza kwa moyo mkunjufu, kwa masharti kwamba mwisho wa siku kurasa zimenakiliwa. Makarani wake wanalipwa senti 4 kwa kila maneno 100, na ustahimilivu wake una kipimo hicho hicho.

Kwa Bartleby aliyeacha kunakili ustahimilivu unaendelea kwa muda, na wakili alishakiri mapema kwa unyofu wa kutisha kwamba kumfadhili kutamgharimu kidogo sana huku kukiipa dhamiri yake kitu kitamu cha kutafuna. Kinachovunja subira yake ni maneno ya mawakili wenzake, wanaofika ofisini na kumwona mtu amesimama katikati ya chumba bila kufanya lolote. Ndipo anapoanza kuogopa kwamba Bartleby ataishi kuliko yeye na siku moja atadai ofisi iwe mali yake kwa kuikalia muda mrefu. Hofu ya kiwakili kabisa, na ya kuchekesha.

Baada ya wakili kuhama, wapangaji wapya wanamfuata wakilalamika kwamba Bartleby anakaa kwenye ngazi mchana na kulala ukumbini usiku. Anarudi kumshawishi, na hapo inatokea sehemu ambayo ningeisoma kwa sauti mbele ya hadhira yoyote. Anamtajia kazi moja baada ya nyingine. Ukarani katika duka la vitambaa? Hapana, huko mtu anafungiwa mno, ila yeye si mtu wa kuchagua. Wakili anapiga kelele kwamba wewe mwenyewe umejifungia muda wote! Kuuza vinywaji baa? Hapendi kabisa, ingawa, kama alivyosema, si mtu wa kuchagua. Kuzunguka mikoani kukusanya madeni ya wafanyabiashara? Angependelea kufanya kitu kingine. Kwenda Ulaya kama msindikizaji wa kijana wa kitajiri, akimburudisha kwa mazungumzo? Hapana, hilo halina uhakika, na yeye anapenda kutulia mahali pamoja, ila si mtu wa kuchagua. Mtu anayemfahamu Bartleby kwa muda wote huo na bado anampendekezea kazi ya kupiga soga na vijana barani Ulaya hajawahi kumtazama vizuri. Wakati huo huo, msomaji anayetafuta ile hamu ya kutobadilika aliyoitaja Kanner anaipata hapa imesemwa kwa kinywa cha Bartleby mwenyewe, pamoja na lile dai lake la kurudiarudia kwamba hachagui, ambalo linaivuruga mara moja. Mimi ninaliona dai hilo kuwa la kweli kwake: hana upendeleo wowote wa kutaka, ana wa kutotaka tu.

Mwisho wa mazungumzo hayo wakili, kwa mara ya kwanza, anampa kitu chenye uzito: waende wote nyumbani kwake, akae huko mpaka wapate suluhisho. Bartleby anakataa, kwa sasa hapendelei badiliko lolote. Wapo wanaosema kwamba hapa wakili anasafishwa lawama. Ninakubali kwa sehemu, kwani ni wachache wangefika hapo. Ila ofa hiyo inakuja akiwa ameshazongwa na kundi la watu wenye hasira na ameogopeshwa kwamba habari zake zitatangazwa magazetini, na mara tu inapokataliwa anatoka mbio, anarukia gari la abiria la farasi na kutokomea nje ya mji kwa siku kadhaa.

Kwa kulinganisha, Boo Radley wa To Kill a Mockingbird, riwaya ya Harper Lee ya mwaka 1960, mtu mwingine wa kujitenga katika fasihi ya Marekani ambaye wasomaji humtaja katika mazungumzo haya, ana sababu iliyoandikwa: aliingia matatani na vijana wenzake, na baba yake akamfungia nyumbani badala ya kumwachia hakimu ampeleke shule ya ufundi. Kwake usonji unakisiwa kutokana na miaka ya kufungiwa, na huo ni msingi dhaifu kuliko wa Bartleby, ambaye hakufungiwa na mtu mpaka siku ya Tombs.

Kuhusu matoleo: maandishi ya bure ni kamili na safi, lakini hayana maelezo ya chini, na hadithi imejaa marejeo ambayo msomaji wa leo hayajui. Wakili, ili kuituliza hasira yake, anamkumbuka Colt aliyemuua Adams. Hilo ni tukio la kweli la New York la mwaka 1841, ambapo John C. Colt alimuua mpiga chapa Samuel Adams katika ofisi walimokuwa peke yao, na bila kulijua, msomaji hatambui jinsi wakili alivyokaribia kumdhuru Bartleby. Mbele ya maiti gerezani, mtu wa kuuza chakula anapouliza kama Bartleby amelala, wakili anajibu kwamba amelala pamoja na wafalme na washauri. Msomaji wa Biblia ataitambua Ayubu 3:14, ambako Ayubu anatamani angekufa siku aliyozaliwa. Mwenye uwezo wa kununua toleo lenye maelezo anunue. Asiye nao aanze na lile la bure, asome mara ya kwanza bila utangulizi wa mtu yeyote, kwa sababu utangulizi mwingi humpa Bartleby jina kabla hajafungua mdomo: mgomaji dhidi ya ubepari, mfuasi wa Thoreau, mwandishi wa Marekani aliyehimiza watu wakatae kutii serikali isiyo ya haki, au Melville mwenyewe aliyevunjika moyo baada ya Moby-Dick ya 1851 na Pierre ya 1852 kutopokelewa vizuri. Kusikiliza kunafaa kwa marudio. Sauti ya msomaji mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho inakukumbusha jambo ambalo jicho husahau, kwamba hata maneno ya Bartleby tunayapata kupitia kinywa cha wakili.

Kasoro kubwa ninayoiona iko ukurasa wa mwisho. Baada ya kifo, wakili anaongeza uvumi aliousikia: kwamba Bartleby aliwahi kuwa karani mdogo huko Washington katika ofisi ya barua zilizokosa wenyewe, na alipoteza kazi hiyo utawala ulipobadilika. Anaichora kazi ya kupanga barua za namna hiyo kwa ajili ya moto, pete iliyokusudiwa kidole ambacho huenda kinaoza kaburini, noti ya msaada kwa mtu ambaye hali tena wala haoni njaa, kisha anamlilia Bartleby na ubinadamu wote. Ni maandishi mazuri, lakini yanampa msomaji chanzo mahali ambapo hadithi nzima imekataa kutoa chanzo, tena kwa msingi wa uvumi ambao msimulizi mwenyewe anakiri hana hakika nao. Mwalimu anayetaka kuitumia hadithi hii darasani, hasa pale ambapo kuna wanafunzi au wazazi wanaoishi na usonji, ningemshauri asimamishe usomaji kwenye ule mstari wa wafalme na washauri, awaache wanafunzi waseme wanachodhani kilimpata Bartleby, na awaombe waonyeshe ni mstari gani uliowaambia hivyo. Kisha wafungue ukurasa uliobaki na waone wakili naye akijibu swali lilelile, bila kuwa na mstari wowote wa kuonyesha.